Barua ya wazi kwa viongozi wa Haut-Katanga: barabara ipite, na maji ya dembo yapite

Waheshimiwa viongozi wa jimbo la Haut-Katanga na wa jiji la Lubumbashi, pamoja nanyi wahandisi mnaochora barabara zetu,

Nawasalimu kwa heshima. Ninakuja na ombi moja, na nalisema mapema msije mkalitafuta katikati ya maneno mengi. Kila barabara inayokatiza dembo, yaani bonde letu pana la majimaji, iwe na njia za maji katika upana wote wa dembo hilo, si buze moja (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) mahali pamoja. Na zile barabara za zamani zilizoziba maji zifunguliwe, moja baada ya nyingine, kila kiangazi, mpaka ziishe.

Mimi ni mkaaji wa Annexe, komini ya pembezoni mwa jiji. Asubuhi nafundisha jiografia sekondari, jioni nalima mboga na jirani zangu kwenye ukingo wa dembo. Sisemi haya kama mtu asiyetaka barabara. Unga wa mahindi tunaosongea bukari (ugali), mwingi unatoka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali kwa sababu ya barabara, na lengalenga letu linafika sokoni kabla halijanyauka kwa sababu ya barabara. Tunaitaka, tena iliyo nzuri. Ninacholilia ni kwamba tunaijenga kwa namna inayoua bonde, na bonde likifa linaiangusha barabara yenyewe.

Wenyeji wanalijua dembo, ila barua hii huenda ikasomwa Kinshasa na kwingineko, kwa hiyo nieleze kidogo. Uwanda wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hushika kasi mwezi wa 11 na kuanza kukatika mwezi wa 3 au wa 4. Kwa mwaka tunapata kama milimita 1,200, na karibu yote inanyesha katika miezi hiyo. Baada yake, kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9, mbingu inafunga. Maji ya mvua hayakimbilii mtoni mara moja. Yanazama kwenye udongo wa msitu wa miombo, yanatembea chini kwa chini, kisha yanajitokeza mwisho wa mteremko, kwenye bonde pana lisilo na miti, lenye majani marefu na udongo mweusi. Hilo ndilo dembo. Mara nyingi halina mto ndani yake. Ukiingia humo mwezi wa 2 bila viatu, maji yanakufika kwenye kifundo cha mguu, yako kila mahali, nayo yanasogea yote kwa pamoja, polepole kiasi kwamba inabidi udondoshe jani kavu na kulitazama kwa muda ndipo ujue yanaelekea wapi.

Huko chini yanajikusanya kuwa kijito, kijito kinaingia mto Lubumbashi au Kafubu, na Kafubu inayapeleka Luapula, Mweru, Luvua, hadi Lualaba. Mto Kongo unaosifiwa na dunia nzima unalishwa pia na majani haya ambayo tunapita juu yake na malori.

Kosa linaanzia kwenye kalenda. Wapimaji wa barabara wanakuja mwezi wa 7 au wa 8, maana ndio wakati gari linafika kila mahali. Wanakuta bonde kavu, majani yamekauka au yameshachomwa. Wanatafuta mto, hawauoni. Basi wanachora tuta la udongo mwekundu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mahali palipo chini kuliko pengine wanaweka buze moja, pengine mbili. Kwenye karatasi hakuna tatizo: mto haupo, hesabu ya maji ni ndogo, buze inatosha. Lakini hesabu ya mto siyo hesabu ya dembo. Katika mto maji yana mahali pake. Katika dembo mahali pa maji ni bonde zima.

Nitawaelezea ninachokiona mwenyewe kwenye barabara moja ya udongo karibu na bustani zetu. Sitaitaja, wala sitawataja walioijenga, kwa sababu sikuja kushitaki mtu, na kwa sababu barabara za namna hiyo ni nyingi kuzunguka jiji hili.

Upande wa juu wa tuta maji yamesimama. Matete yameshika mahali palipokuwa na majani mafupi, na miti ya pembeni, ambayo haijazoea kulowa mizizi mwaka mzima, imekufa ikiwa imesimama. Jioni mbu wanatoka hapo na nyumba za karibu zinalala na malaria. Tuta lenyewe linanyonya maji kwa ubavu. Ndiyo maana barabara inalainika mahali palepale kila mwaka: lori linazama, watu wanamwaga mawe na matofali yaliyovunjika, mvua nyingine inakuja, lori linazama tena. Na kwa kuwa malori ni mazito, yanaushindilia udongo laini ulio chini ya tuta mpaka hata yale maji yaliyokuwa yakipenya chini kwa chini yanakosa njia.

Upande wa chini ni habari nyingine kabisa. Buze ililazwa juu kidogo ya usawa wa ardhi, na maji yaliyopaswa kupita katika bonde zima yanatoka yote kwenye tundu moja. Yanatoka na nguvu, na maji yenye nguvu yanachimba. Leo mdomo wa buze unaning'inia hewani, kimo cha goti la mtu mzima, juu ya kidimbwi kilichochimbwa na maji yenyewe. Kuanzia hapo kuna korongo linalozidi kurefuka na kuzama kila msimu. Nimeshuka ndani yake mara nyingi. Ukisimama chini unatazamana na ukuta wa udongo: juu ni mweusi, umejaa mizizi, chini ni wa kijivu, unateleza, na pale tabaka hizo mbili zinapokutana maji yanachuruzika mchana na usiku, mstari mrefu wa maji pande zote mbili. Hayo ndiyo maji ambayo dembo lingeyatunza mpaka mwezi wa 9. Korongo linayafukuza kabla mwezi wa 6 haujaisha.

Akina mama wa bustani wanakumbuka walipokuwa wakichota maji kwa kopo, wamechuchumaa tu, kwenye visima vifupi vilivyochimbwa kwa jembe. Sasa wanashusha ndoo kwa kamba. Kila mita inayoongezeka ni jasho la mtu, mara nyingi la msichana ambaye alitakiwa awe darasani kwangu. Udongo mweusi wa dembo una mabaki mengi ya mimea, na ukikauka kupita kiasi unapasuka na kushika moto. Wakati watu wanapochoma majani mwishoni mwa kiangazi, moto unaingia ardhini na kukaa humo siku nyingi ukifuka moshi, na unapozimika unaacha jivu mahali palipokuwa na shamba.

Kuna pia kambare. Mvua za kwanza zikishuka, kambare hupanda kutoka kwenye vijito kwenda kutaga mayai katika majani yaliyofurika. Sasa wanafika chini ya ile buze inayoning'inia na kuishia hapo. Watoto wanawakamata kwa mikono, ndoo zinajaa, watu wanafurahi. Ninawaelewa, maana samaki ni mboga. Lakini wale ni wazazi wanaokamatwa kabla ya kutaga, na kila mwaka wanaofika ni wachache zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote, na ambalo sijasikia likitajwa katika mikutano ya barabara. Tuta likishakata maji, upande wa chini unaonekana nchi kavu. Mtu anafika mwezi wa 8, anaonyeshwa eneo tambarare, karibu na barabara, bei nafuu, na anapewa karatasi yenye muhuri. Ananunua. Anafyatua matofali ya udongo wa kichuguu, anajenga, analeta watoto. Mwaka mmoja, miwili, mitatu inapita salama. Halafu unakuja mwaka wa mvua nyingi, maji ya upande wa juu yanalizidi tuta, tuta linakatika usiku, na maji yanarudi kwenye bonde lao yakikuta watu wamelala humo. Hapo tunasikia watu wakiambiwa kwamba wamejenga mahali pabaya. Ni kweli. Lakini nani aliyepafanya pabaya paonekane pazuri? Yule baba hakuwahi kuliona dembo likiwa na maji. Barabara ilikuwa imeyaficha.

Nawaomba, Waheshimiwa, mliweke hilo mbele ya macho kila mnapotia saini ya mpango wa barabara. Tuta linalokatiza bonde linageuka bwawa, hata kama hakuna aliyekusudia kujenga bwawa, na linabadilisha thamani ya ardhi ya pande zote mbili.

Tunaloliona hapa si la Katanga peke yake. Kule Florida, Marekani, barabara iitwayo Tamiami Trail ilifunguliwa mwaka 1928, ikakatiza Everglades, bonde kubwa la majani ambamo maji yalikuwa yakishuka polepole kuelekea kusini, vilevile kama katika dembo, ila kwa upana wa makumi ya kilomita. Tuta likageuka ukuta. Kusini kukakauka, moto ukala udongo, ndege wakapungua. Daraja la kwanza kubwa la kuyapitisha maji hayo chini ya barabara, lenye urefu wa kilomita 1.6, lilikamilika mwaka 2013, na baadaye yakaongezwa mengine. Miaka 85 ilipita, na gharama ikawa kubwa mno, kwa sababu walikuwa wakirekebisha kitu ambacho mwanzoni kingefanyika kwa mchoro tofauti tu.

Kolombia nao walijenga barabara ya pwani kati ya mwaka 1956 na 1960, kupitia Ciénaga Grande de Santa Marta, ziwa la pwani lenye mikoko, wakilitenganisha na bahari. Matuta mengine yakaja kuzuia maji matamu ya mto Magdalena. Chumvi ikapanda, na mikoko ikafa kwa mamia ya kilomita za mraba, pamoja na riziki ya wavuvi. Katika miaka ya 1990 walifungua tena mifereji, na mikoko ikaanza kuota yenyewe. Kisha usafishaji ukalegea, mifereji ikajaa matope, na mikoko ikaanza kufa upya. Mfano huu wa pili ndio ninaoufikiria zaidi, maana sisi tunajua kuzindua kazi, tunajua kukata utepe, lakini kurudi mwaka wa tano kuzibua kilichoziba bado kunatushinda.

Mnajua kuliko mimi jinsi kazi inavyofanywa. Naandika ili wananchi nao wajue kwamba inawezekana, na wajue cha kudai.

Kwenye dembo pana, buze nyingi ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Zipangwe kwa nafasi kutoka ukingo hadi ukingo, zifuate usawa wa ardhi ya asili, na tumbo la bomba lizame kidogo udongoni ili maji yaingie na kutoka bila kuanguka, na kambare apite. Kila mdomo utandikiwe mawe mbele yake, maji yatawanyike tena badala ya kuchimba. Kanivo, yaani mifereji ya pembeni mwa barabara, zisiruhusiwe kukusanya maji ya mteremko mzima na kuyamwaga mahali pamoja. Kila baada ya umbali mfupi ziyatoe kwenye majani.

Mahali penye potopoto (tope) tupu, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Chini ya tuta linatandazwa tabaka nene la mawe makubwa yasiyo na vumbi, limefunikwa juu na chini kwa kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Maji yanapenya katikati ya mawe katika upana wote, na barabara inakaa juu ikiwa kavu. Njia hii haikulazimishi kuutafuta mto mahali ambapo mto haupo. Mawe hayajawahi kukosekana Katanga. Ila nasisitiza jambo moja: yasichotwe kwenye marundo ya mabaki ya migodi. Mawe yenye madini yakilowa kila mwaka yanaachia shaba, kobalti na asidi, na haitakuwa haki tuyafungulie maji bustani halafu tuyatie sumu.

Barabara ndogo za mashamba hazihitaji hata tuta. Ishushwe njia mpaka usawa wa bonde, itandikwe mawe na zege, maji yapite juu yake. Lori la makaa na baiskeli ya unga vitapita katika maji ya kifundo, na siku ya mvua kubwa vitasubiri. Kwenye njia za malori mazito ya madini hiyo haifai. Huko, pale dembo linapokuwa jembamba na lenye maji mengi, daraja fupi ndilo jibu, na gharama yake ipimwe pamoja na gharama ya kujaza mashimo yaleyale kila mwaka.

Makorongo yaliyokwisha kuchimbika hayajifungi yenyewe kwa sababu buze imebadilishwa. Yanazibwa kuanzia kichwani, kwa vizuizi vifupi vya mawe, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa chini katikati kuliko pembeni, ili maji yashuke ngazi kwa ngazi yakiacha udongo wake nyuma. Vetiveri, nyasi yenye mizizi mirefu ambayo wenzetu wa Kinshasa wanaitumia kupambana na makorongo yao, ishike kingo. Lakini katikati yapandwe majani ya dembo lenyewe, yang'olewe na udongo wake kutoka mahali yalipo mengi. Kazi hii inafanywa kwa mikono, kwa mawe, katika miezi ambayo vijana wetu hawana kibarua.

Sasa, kuna ugumu, na sitaki mtu aseme kwamba nimeuficha. Dembo lililokatwa miaka mingi iliyopita lina watu leo upande wa chini. Ukiyafungua maji ghafla, unawafanyia mchana kile ambacho mafuriko yangewafanyia usiku. Kwa hiyo tuanze na yale madembo ambayo bado hayana nyumba, na hayo ni mengi, hasa huko Annexe na nje ya jiji. Penye nyumba, wenyeji waitwe kwanza, maji yafunguliwe kidogo kidogo, na anayepaswa kuhama alipwe na kupewa kiwanja kabla ya koleo la kwanza kuingia ardhini. Wakati huohuo, uuzaji wa viwanja ndani ya madembo ukome, kwa alama zinazowekwa mwezi wa 2 pale maji yanapofika, si kwa ramani iliyochorwa kiangazi. Mashefu wa kartye (wakuu wa mitaa) wanaweza kuifanya kazi hiyo ya alama wakisaidiwa na wanafunzi. Wangu wako tayari.

Ugumu wa pili ni uchafu. Mji huu umeyeyusha shaba tangu mwaka 1911, na matope yaliyosimama nyuma ya baadhi ya matuta yanaweza kuwa yamebeba mengi. Kabla ya kufungua dembo lililo chini ya mgodi au kiwanda, maji na matope yapimwe, na majibu yabandikwe mahali watu wanapoweza kuyasoma. Penye sumu, tusafishe kwanza.

Kuhusu sheria sitasema mengi, kwa sababu sheria tunazo. Katiba katika kifungu cha 53 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inampa pia wajibu wa kuyatetea. Barua hii ni wajibu huo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na kwa watu kabla ya mradi unaoweza kuyadhuru, na sheria ya maji, namba 15/026, ipo tangu tarehe 31 Desemba 2015. Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 1996, na mwaka 2017 bonde la Lufira, hapa hapa kwetu, likaandikwa katika orodha yake. Serikali inajitambulisha duniani kuwa nchi-suluhisho kwa mabadiliko ya tabianchi na kutaja mboji ya Cuvette Centrale, bonde la katikati ya mto Kongo, ambayo ramani yake ya mwaka 2017 ilionyesha kilomita za mraba 145,500 katika Kongo zote mbili. Dembo ni mdogo wake wa tumbo moja, na anastahili kuhesabiwa mezani.

Ninachoomba ni kifungu kimoja tu cha ziada katika kila daftari la masharti: uchunguzi wa athari wa barabara yoyote inayopita dembo uwe na vipimo vya maji vilivyochukuliwa kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Bila vipimo hivyo, Agence Congolaise de l'Environnement, wakala wa serikali unaopitia uchunguzi huo, isilipokee faili. Sharti hilo peke yake lingezuia sehemu kubwa ya madhara ninayoyaandika hapa.

Na fedha? Nimesikia mara nyingi kwamba hazipo. Mrabaha wa madini (redevance minière), kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawanywa hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya wenyeji mahali madini yanapochimbwa, na 10% kwa mfuko wa migodi wa vizazi vijavyo. Kila kampuni ya uchimbaji inatoa pia angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi. Aidha, kila tunaponunua mafuta na kila tunapolipa peaji (ada ya kupita barabarani) tunauchangia mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ulioanzishwa mwaka 2008. Malori yanayoyashindilia madembo yetu ndiyo yanayobeba shaba na kobalti hiyo. Ni haki sehemu ya fedha yake irudi chini ya magurudumu yake.

Usafishaji nao uwe na mwenyewe. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, midomo ya buze izibuliwe, matete yakatwe, mawe yaliyosogea yarudishwe. Kamati za wenyeji za kutunza barabara, zile CLER, zinajulikana katika sehemu nyingi za nchi. Zipewe kazi hii kwa mkataba na kwa malipo yanayofika kwa wakati. Wanaokaa kando ya bonde wanajua kabla ya mtu yeyote ni buze ipi imeziba.

Ombi la kuanzia ni dogo. Chagueni barabara moja ya Annexe inayokatiza dembo lisilo na nyumba. Njooni kulitazama mwezi wa 2, miguu ndani ya maji, pamoja na wahandisi, wakulima, mashefu na walimu. Pimeni. Kiangazi kitakachofuata fungueni tuta hilo kwa njia mojawapo ya hizi, na pimeni tena mvua itakaporudi: maji yamefika wapi, visima vina kina gani, barabara imesimamaje. Matokeo yakiwa mazuri, mtakuwa na mfano wa kuonyesha Likasi, Kolwezi na Kipushi, na hata kwa wafadhili. Yakiwa na kasoro, tutazijua kwa gharama ndogo.

Sisi wa upande wetu tunaahidi mikono ya kubeba mawe, walinzi wa alama, na kumbukumbu ya kina cha visima vyetu, tutakayoiandika kila mwezi na kuwaletea. Tunaomba mtujibu kwa maandishi, mkitaja tarehe ya kuja na jina la ofisi itakayobeba kazi hii.

Wenu katika kulijenga jimbo,

Mwalimu na mkulima, mkaaji wa Annexe
Lubumbashi